Kabla ya kupiga kambi na watoto, semeni nani ataosha sufuria

Likizo ya Agosti ikifika, simu zetu hujaa picha moja. Hema la rangi ya chungwa, nyuma yake ziwa au mlima. Watoto wawili wamevaa kofia za sufi, mashavu yamechafuka, wanacheka. Moto unawaka pembeni. Chini yake kuna maneno machache kuhusu familia na kumbukumbu, halafu mioyo mitatu minne. Mimi pia hubonyeza moyo wangu na kusonga. Ila siku hizi, kabla sijabonyeza, huwa natafuta mtu mmoja kwenye picha hiyo. Mama. Mara nyingi hayumo. Baba ndiye kashika simu, watoto ndio mastaa, na mama yuko upande ambao kamera haikuelekezwa, nyuma ya buti ya gari, anakata vitunguu juu ya kifuniko cha kreti.

Sina ugomvi na kambi. Naipenda, na wanangu wawili, wa miaka minne na saba, wanaipenda kuliko michezo ya kuruka ruka kwenye mall ambako mia tano huisha kabla hujakaa. Ugomvi wangu ni na sisi, wazazi wa rika hili tunaojiita wa kisasa. Tunabeba nyumba nzima hadi porini, pamoja na mgao wake wa kazi. Tunaita hiyo mapumziko. Kwa mama inakuwa jikoni lilelile, safari hii bila bomba la karibu, bila taa, na mtoto wa miaka minne amesimama kando anauliza choo kiko wapi.

Agosti mwaka jana tulilala kwenye uwanja mmoja wa kambi kando ya Ziwa Naivasha. Mahema yalikuwa kama kumi na matano, karibu yote ya familia changa kutoka Nairobi. Kufikia saa tatu usiku watu walikuwa wamegawanyika makundi mawili bila yeyote kutoa amri. Kundi la kwanza lilikuwa kwenye moto: wanaume, spika ndogo, vinywaji, stori za jinsi malori yalivyowasumbua Mai Mahiu. Kundi la pili lilikuwa kwenye bomba la pamoja, karibu na vyoo: wanawake watano kwenye foleni, kila mmoja na sufuria yenye masizi, mmoja ameuma tochi kwa meno ili mikono yote miwili ipate kusugua. Mimi nilikuwa wa nne. Hatukuwa tunalia, tulikuwa tunapiga soga tu. Mmoja akasema, "Hii ni jikoni yangu tu, imeongezwa baridi." Tulicheka mpaka mtu akaamka hemani kutuuliza kuna nini.

Nikiwaambia wanaume ninaofanya nao kazi hadithi hii, wanasema natia chumvi. Basi twende kwa nambari. Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS, lilipofanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2021, liligundua kwamba wanawake nchini hutumia karibu mara tano ya muda ambao wanaume hutumia kwa kazi za nyumbani na malezi ambazo hakuna anayelipwa. Mara tano. Mjini pengo hilo huwa limefichwa kidogo. Gesi iko, maji yako kwenye bomba au kwenye mtungi, mama chapati yuko kwenye steji, jirani anaweza kumshika mtoto dakika kumi. Kambi huondoa vyote hivyo kwa siku moja. Kazi iliyokuwa imegawanywa kwa mitambo na majirani hurudi kuwa kazi ya mikono, na mikono hiyo tunajua ni ya nani.

Utetezi wa kwanza wa wanaume naujua, nimeusikia hadi kwangu: "Lakini mimi ndiye nimeendesha gari." Ni kweli, na kushuka bonde lile nyuma ya trela na watoto wanaotapika si mchezo. Utetezi wa pili: "Mimi ndiye nimesimamisha hema na kuwasha moto." Pia kweli. Lakini angalieni hizo kazi vizuri. Kuendesha gari huisha ukizima injini. Hema huisha ukipigilia kigingi cha mwisho. Moto ukishawaka umewaka. Zote ni kazi zenye mwisho, zenye makofi, na zinapendeza kwenye picha. Mtoto wa miaka minne akiwa nje hula mara sita kwa siku. Kila mara kuna sahani, kila sahani ina masalia, kila masalia yana siafu. Kazi hiyo haina mwisho na hakuna aliyewahi kuipiga picha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba kambini ni mgeni wa siku mbili, na kwa bahati yake wikendi haina siku ya tatu.

Nisiwaonee wanaume peke yao. Sisi nasi tuna tabia moja inayotuponza. Mwanamume akianza kukata kitunguu, vipande vikubwa kama vya kutupia kuku, tunamnyang'anya kisu. "Wacha, wacha nifanye, utachelewesha watoto." Akiwavalisha watoto soksi za rangi mbili tofauti tunazibadilisha. Halafu saa mbili baadaye tunanuna kwamba hatusaidiwi. Mtoto hajawahi kuugua kwa sababu ya kitunguu kilichokatwa vibaya. Kaa. Tazama ziwa. Ugali ukiwa na mabonge, watakula mabonge.

Kuna familia zimepata suluhisho lingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Zinambeba dada wa kazi. Nimewaona: familia inatembea kandokando ya ziwa, msichana wa miaka ishirini amebaki na jiko na mtoto mchanga mgongoni. Usiku analala hema moja na watoto wote, yaani zamu yake haina saa ya kutoka, na Jumatatu asubuhi anarudi kufua nguo za kambi. Mwajiri wake ataandika kwenye Instagram kwamba alihitaji kupumzika. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na sijaona mahali inaposema isipokuwa bosi akiwa hemani. Mnakwenda kambi? Mpeni dada wikendi yake na nauli, aende kuona watu wao. Kama hamuwezi kulisha watoto wenu wawili kwa siku moja na nusu bila yeye, hiyo ni habari muhimu, na ni heri mmeijua mapema.

Nyanya yangu aliposikia tunalala hemani na vitukuu vyake aliuliza swali moja tu: "Nani amewafukuza?"

Hakuwa anatania. Kwa watu wa umri wake, na kwa wengi wa umri wetu waliokulia Bonde la Ufa, hema si kitu cha rangi ya chungwa kinachouzwa supamaketi. Hema ni turubai jeupe la msaada. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao, na wengine walikaa chini ya mahema hayo miaka, watoto wakazaliwa humo. Hata neno kambi, ukilisikia kwenye habari za saa moja, kwa kawaida linafuatwa na neno wakimbizi: Dadaab tangu 1991, Kakuma tangu 1992. Mafuriko ya 2024 yalipobomoa nyumba Mathare na Mukuru, kuna watoto wa rika la wangu waliolala sakafuni madarasani, na hakuna aliyewaambia wanajibamba. Nilimjibu nyanya kwamba hakuna aliyetufukuza, na kwamba tuna nyumba ya kurudi. Akasema, "Sawa. Basi beba sufuria yenye mfuniko." Alijua kazi ya hemani ni ya nani. Kule kwenye turubai waliopanga foleni ya maji walikuwa wanawake.

Kwa hiyo mtu akiniambia kambi ni mambo ya wazungu, humwambia kwamba historia yetu ya kulala nje ni ndefu na si ya wazungu. Pwani wavuvi huenda dago: wanahamia ufuko wa mbali kufuata samaki, wanajenga vibanda vya muda, wanakaa huko wiki au miezi. Kaskazini, vijana wa Kirendile na Kiborana hupeleka mifugo fora, mbali na maboma, wanalala palipo na malisho. Swali langu kwa wanaume ni hili: huko dago, nani hupika? Huko fora, nani humkamulia maziwa kijana wa miaka kumi na minane? Wenyewe. Wanaume wanaweza kujilisha nje kwa miezi bila mke wala mama karibu. Familia ya Kirendile inapohama na nyumba zake juu ya ngamia, hapo ndipo mwanamke anapoijenga na kuibomoa nyumba. Lakini nyumba hiyo pia huhesabiwa kuwa yake. Sisi tumechukua kazi ya mwanamke wa Kirendile tukaacha umiliki wake. Hema la Naivasha ni la baba, hata mfuko wake una jina lake.

Na tusisahau Skauti. Vijana wamekuwa Skauti nchini tangu 1910, mwanzilishi wake Baden-Powell amezikwa Nyeri, na hapa Nairobi vizazi kadhaa vya wavulana vimelala kwenye uwanja wa Rowallan, karibu na Jamhuri, wakijipikia na kujioshea vyombo. Baadhi yao leo ni wababa wa miaka thelathini na mitano wanaoshika sufuria kama wameshika nyoka. Ujuzi hawakuupoteza njiani. Uliachwa mlangoni siku ya harusi.

Sasa, tufanyeje? Watu wengi wakijadili hili husema "tusaidiane". Neno hilo silipendi. Anayesaidia ni msaidizi, na msaidizi husubiri kuambiwa. Mama anabaki na kazi ya kukumbuka: sabuni iko wapi, mtoto amekunywa maji, nepi zimebaki ngapi, nani ana mzio wa njugu. Kukumbuka huko ndiko kunakochosha kuliko kuosha. Mimi nasema gawaneni saa. Kuanzia Jumamosi adhuhuri hadi Jumapili adhuhuri, baba ndiye jibu la kila swali. "Mum, nina njaa." Muulize baba. "Mum, nimekanyaga kitu." Mwonyeshe baba. Mama yupo, anaona, anaweza kwenda kutembea, anaweza kulala mchana, na haruhusiwi kusema "wacha nifanye". Zamu yake ni Ijumaa usiku kufunga mizigo, na Jumapili mchana kurudi nyumbani, na hizo si kazi ndogo. Kwa ninyi mnaolea peke yenu, na mko wengi, mantiki ni ileile: nendeni familia mbili tatu, mgawane saa baina yenu, na mchague uwanja wenye askari na watu wengine, si kichaka kizuri cha TikTok.

Zamu ya aina hii hufanya kazi tu mizigo ikiwa michache. Hapa ndipo tunapojiumiza. Tunabeba friji ya barafu, kilo nne za nyama, viungo saba, bakuli za saladi. Nyama choma ya kambini naiheshimu, lakini watoto wadogo hawaijali. Wanataka chapati. Nunua chapati kumi na tano kwa mama chapati Ijumaa jioni, chemsha mayai, beba ndengu zilizopikwa kwenye mkebe unaofunga vizuri, ndizi, maziwa ya pakiti, majani chai. Sufuria moja. Sahani moja kwa kila mtu, na kila mtu anayejua kusoma anaosha yake. Mwanangu wa miaka saba huosha. Inabaki na mafuta kidogo, na amekula tena kwenye hiyohiyo kesho yake, yuko hai.

Hema lenyewe si lazima ununue. Wapo wanaokodisha, na kwenye grupu ya WhatsApp ya shule hamkosi mzazi mwenye hema lililotumika mara moja. Lijaribuni kwanza nyumbani, sebuleni mkisukuma makochi, au juu ya paa la ploti pale mnapoanika nguo, mkimwomba keateka. Mtoto akishalala humo usiku mmoja mjini, giza la porini halimshangazi sana. Na muhimu: anayelisimamisha sebuleni awe yule atakayelisimamisha Naivasha, vigingi vihesabiwe, maana kule saa kumi na mbili na nusu jua limezama na halikungoji usome maelezo.

Kitu ambacho wazazi wapya hawategemei ni baridi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wa Julai na Agosti unauma. Baridi kali haitoki juu, inatoka chini, kwenye ardhi. Godoro la kupulizwa upepo peke yake halitoshi. Tandika kwanza mkeka, kisha godoro la sponji au blanketi nzito, ndipo ulale, na watoto wavae soksi na kofia. Wakilala katikati yenu wawili hamtahitaji kitu kingine.

Ila kamwe, kamwe usiingize jiko la makaa hemani ili kupasha joto. Hili silisemi kwa utani. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hukohoi wala hushtuki. Unasinzia tu, na mtoto mdogo huzidiwa haraka. Hata jiko linaloonekana kama limezima bado linatoa gesi hiyo. Liache nje, mbali na mlango, na usiku moto uzimwe kwa maji hadi majivu yawe baridi mkononi. Huyo anayejisifu kuwa mtaalamu wa moto ndiye awe wa mwisho kulala.

Kuna na wenyeji wa ziwa. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na nyasi tamu ziko palepale tunapotaka kuweka hema. Viwanja vizuri vina ua wa umeme, nanyi mkae ndani ya ua huo baada ya jua kuzama, hata kama picha ya mwezi juu ya maji inakuita. Mtu asisimame kati ya kiboko na maji. Chakula kisilale hemani, kwa sababu ya nyani na tumbili, wanaojua kufungua zipu kuliko mwanangu wa miaka minne. Mkienda Hell's Gate, mahali ambapo mtoto anaweza kuendesha baiskeli huku punda milia wakimtazama, furahieni, kwa sababu si mbuga nyingi nchini zinazokuruhusu kutembea kwa miguu. Ada za mbuga za KWS hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo maliza hilo nyumbani kabla mtandao haujakuhepa. Lakini korongo lake msiingie na watoto wakati wa mvua, au hata mawingu mazito yakiwa yamekaa milimani kwa mbali. Maji hushuka ghafla kutoka mahali ambapo wewe huoni mvua. Mafuriko ya korongo hilo yaliua watu mwaka 2012, na tena Septemba 2019.

Kama hamna gari, msikate tamaa. Matatu za Naivasha zipo siku nzima, na kutoka mjini kule kuna nyingine zinazofuata barabara ya Moi South Lake, viwanja vya kambi viko kandokando yake. Ndiyo sababu nyingine ya kubeba kidogo. Makanga hatakupendelea kwa sababu una friji ya barafu.

Mahali ninapopapenda mimi, ambapo wengi wa rika langu hawapajui, ni Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Nairobi ukipita Kiserian. Pako chini ya Makavazi ya Kitaifa, pana nafasi ya kuweka hema na vibanda vya kukodi. Hakuna ziwa. Ziwa lilikuwepo zamani sana, likakauka. Pana joto la mchana, miiba, na maji mnabeba wenyewe, mengi, zaidi ya mnavyodhani. Lakini mnatembea juu ya daraja la mbao, na chini yenu mashoka ya mawe yametapakaa ardhini kama yalivyokutwa, mamia kwa mamia, yaliyochongwa na watu walioishi hapo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Akina Leakey, Mary na Louis, walichimba hapo tangu miaka ya 1940. Kuna mifupa ya tembo wa aina iliyotoweka, na ya nyani wakubwa ambao pia hawapo tena. Mwanangu mkubwa alisimama kimya pale dakika nzima, jambo la nadra, halafu akauliza, "Hawa walikuwa wanakula nini, na nani alikuwa anawapikia?" Babake akafungua mdomo, akaufunga.

Watu huniuliza kwa nini nijisumbue, si bora tulipe hoteli siku moja, kila kitu kipikwe na kioshwe? Ukiwa nazo, lipa, sitakucheka. Lakini hotelini watoto hawaoni kazi. Chakula kinatokea, sahani inapotea. Nyumbani wanaiona, ila kwa upande mmoja, kila siku, mpaka wanaamini ndivyo dunia ilivyoumbwa: mama anasimama, baba anakaa. Hemani hakuna ukuta wa jikoni. Kila kitu kinafanyika mbele yao, mita mbili kutoka wanapocheza. Mtoto wa kike akimwona babake anasonga uji asubuhi, moshi machoni, ameinama, na hakuna anayempongeza, ameona kitu ambacho somo la maadili shuleni halitamwonyesha. Wa kiume ameona zaidi.

Na kuna ule usiku. Saa tisa mtoto anataka kukojoa. Yeyote mwenye zamu anatoka naye, viatu kinyume, blanketi mabegani, hatua kumi kutoka hemani lakini ndani ya ua. Huko Olorgesailie hakuna taa ya barabarani wala tangazo la simu linalowaka. Binti yangu alikuwa hajawahi kuona nyota nyingi hivyo; Nairobi anazihesabu na kumaliza. Aliuliza kama zote ni zetu. Nilikuwa macho ndani, nikawasikia wakibishana na babake juu ya ipi ni kubwa, muda mrefu baada ya haja kuisha. Sikutoka. Haikuwa zamu yangu.

Mwisho wa mwezi huu tunarudi huko, familia tatu, mahema matatu, na wanaume watatu wa zamu ya Jumamosi. Menyu wameipanga wenyewe kwenye grupu yao. Ni Indomie, mchana na usiku. Sisi wanawake tumeiona, na hatujasema neno.